Folda Iitwayo Sara

Kimwani, Muleba
2 Juni 2025

Datius,

Pokea salamu zangu. Naamini unanikumbuka, maana hakuna aliyekaa darasa la tano mbele yangu akanisahau, hata wale waliojitahidi. Mimi ni Mwalimu Jovita Kokuhirwa. Wewe ulikaa dawati la pili karibu na dirisha, na ulikuwa ukiandika "kura" ukitaka kusema "kula". Nimeambiwa una duka lako la kutengeneza kompyuta hapo Miembeni na kwamba huibi vipuri vya watu. Nimefurahi kwa yote mawili.

Nimemkabidhi kondakta wa gari la Bukoba kompyuta mpakato mbili. Moja ni mpya, haijatoka kwenye boksi. Imetumwa na binti yangu Joanitha kutoka Dodoma. Ya pili ni ya marehemu mume wangu, Audax Lwakatare, aliyefariki Agosti mwaka jana. Alikuwa katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa hapa kwetu kwa miaka tisa, na kompyuta hiyo ilikaa ofisini kwa chama kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na umeme. Ililetwa nyumbani wiki mbili baada ya mazishi, ikiwa ndani ya begi lake, na imebaki ndani ya begi. Sijawahi kuifungua.

Shida yangu ni hii. Tarehe 9 Agosti tutakuwa na ibada ya mwaka mmoja na kusimika msalaba kaburini. Mchungaji ametaka wasifu wa marehemu, uchapwe kama kijitabu, kila atakayefika apate nakala. Wa kuuandika ni mimi. Nimeishi naye miaka thelathini na minane, sasa nani mwingine anamjua? Joanitha anasema kalamu imepitwa na wakati, na ndiyo maana ya hilo boksi.

Naomba uiandae hiyo mpya iwe tayari kwa kuandikia. Yote yaliyomo kwenye ya zamani uyahamishie kwenye mpya, picha hasa. Mihtasari ya vikao vya chama uichape kwenye karatasi, maana wanaidai. Ya zamani ikishakuwa tupu nitawapa vijana wa usharika.

Usinipigie simu. Maneno ya simu yakishasemwa hakuna wa kuyasahihisha. Niandikie, tena kwa mkono, nijue kwamba ninayezungumza naye ni mtu.

Mwalimu Jovita Kokuhirwa


Miembeni, Bukoba
6 Juni 2025

Mwalimu, shikamoo.

Nakukumbuka vizuri. Barua yako nimeisoma nimesimama. Pole sana kwa msiba wa Mzee Lwakatare. Nilisikia nikiwa Mwanza, sikuweza kufika.

Laptopu zote mbili zimefika salama. Hiyo mpya nimeiwasha. Ni nzuri kwa sura, ila imetoka kiwandani na memori ndogo, na diski yake ni ya aina ya kuzunguka. Imechukua mda wa dakika nne kufunguka, na nilipofungua ukurasa wa kuandikia ikakwama. Ushauri wangu, niiongezee memori ifike mara mbili ya iliyopo, na hiyo diski niitoe niweke SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani. Nikishafanya hivyo nitapiga windo upya, na itafunguka kabla hujamaliza kuvaa miwani. Naomba ruhusa yako kabla sijafungua mfuniko.

Nahitaji pia kujua jina la mtumiaji niweke nani, na lugha niweke ipi. Kiswahili kipo.

Kwenye ya Mzee nimekuta vitu vinne. Kuna folda ya mihtasari ya chama, ya orodha ya wakulima, ya picha, na nyingine imeandikwa SARA. Hiyo SARA ina mafaili hamsini na nane, na kila faili lina tarehe tu badala ya jina. Sina tabia ya kufungua mafaili ya mteja, kwa hiyo nakwambia ninachokiona kwa nje. Nihamishe zote nne?

Kawaida ya duka langu ni kwamba diski ya zamani nakaa nayo siku thelathini bila kuigusa, hata kama mteja ameshachukua mzigo wake. Watu hukumbuka vitu wakiwa wamefika nyumbani.

Barua hii nimeirudia mara tatu nikitafuta r na l.

Mwanafunzi wako,
Datius Mujuni


Kimwani
10 Juni 2025

Datius,

Ni "muda", si "mda". Mengine yako safi, na sikutegemea.

Ongeza hiyo memori na ubadilishe diski. Joanitha atamalizana nawe. Windo sijui hupigwaje. Katika miaka yangu ya ualimu niliona dirisha likipigwa mara moja tu, na aliyelipiga alisimama nje hadi saa nane mchana. Lakini kama ndivyo mafundi msemavyo, lipige.

Jina uweke Mwalimu Jovita. Lugha ni Kiswahili, na ningeshangaa kama ungeweka nyingine.

Mihtasari, orodha na picha uhamishe. Kuhusu hiyo folda ya Sara, subiri kwanza. Niandikie tarehe zote zilizomo, moja baada ya nyingine. Usifungue chochote.

Mwalimu Jovita


Miembeni
13 Juni 2025

Mwalimu, shikamoo.

Kazi imekwenda vizuri. Memori nimeongeza na SSD imekaa. Sasa inafunguka kwa sekunde kumi na mbili, nimepima kwa saa ya ukutani. Nimeweka programu ya kuandikia na ya kuzuia virusi. Apdeti zilikuwa nyingi, nimeziacha zikishuka siku nzima kwenye mtandao wa duka ili zisije zikakumalizia bando huko.

Orodha ya tarehe za SARA nimeinakili kwenye karatasi ya pili, zote hamsini na nane. Ya kwanza ni 7 Septemba 2022, inafuata 14 Septemba, halafu 5 Oktoba, na kuendelea hivyo. Mwaka 2023 zimo nyingi. Ya mwisho ni 24 Julai 2024. Kompyuta inaonyesha pia saa faili lilipohifadhiwa, na karibu zote ni kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Ni mafaili madogo, ukurasa mmoja au nusu.

Nasubiri neno lako tu nihamishe na hizo, kisha nikutumie mzigo.

Datius


Kimwani
16 Juni 2025

Datius,

Nimekaa na kalenda tatu za dayosisi mezani na karatasi yako. Zote hamsini na nane ni Jumatano.

Jumatano ilikuwa siku ambayo mume wangu alichelewa. Miaka yote hiyo aliniambia ni vikao vya chama. Jana nimekwenda kumuuliza Klaudia anayefagia ofisi yao. Ananiambia kikao kilikuwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, basi. Jumatano nyingine mzee alibaki peke yake na mlango umefungwa. Klaudia ni mtu mwema, alidhani ananifariji aliponiambia kuwa alikuwa akimsikia akizungumza taratibu, kwa upole, peke yake. Hakuwa peke yake. Alikuwa kwenye simu.

Sasa nikueleze jambo, kwa sababu wewe ni mtu wa mbali na unafanya kazi yako. Audax hakuwahi kuniandikia hata mstari mmoja. Wakati wa uchumba alimtuma dada yake Benigna aje aseme. Baada ya ndoa, akinihitaji alikuja mwenyewe, au alipiga simu. Sina ujumbe wake wa maandishi hata mmoja. Nilijiambia kuwa hapendi kuandika. Alikuwa mtu mkimya. Kanisani walimwomba awe mzee wa kanisa akakataa. Nyumbani hata sala ya chakula aliniachia mimi, miaka yote. Kumbe maneno alikuwa nayo, na alikuwa na mafaili hamsini na nane ya kumwekea Sara.

Hapa kwetu namjua Sara mmoja tu, aliyekuwa muuguzi wa zahanati. Ni mjane. Juzi ameniletea mkungu wa ndizi. Nimeubeba mwenyewe nikaurudisha mlangoni kwake.

Folda hiyo ifute. Isije kwenye kompyuta mpya na isibaki kwenye ya zamani. Sitaki siku zako thelathini. Barua hii ndiyo ruhusa yangu, ihifadhi kama utahitaji kujitetea. Usisome na usinishauri.

Nina hasira, Datius, na sina wa kumpelekea.

J. Kokuhirwa


Miembeni
20 Juni 2025

Mwalimu, shikamoo.

Nimefanya ulivyoagiza. Folda ya SARA imefutwa bila kufunguliwa. Diski ya zamani nimeifomati yote ibaki tupu, na nimeanza kupiga windo mpya humo, ile programu inayoendesha kompyuta, kwa ajili ya vijana wa usharika. Mihtasari ya chama ninayo kwenye flashi, nitaichapa wiki ijayo wino ukifika.

Laptopu yako inakuja na gari la leo. Kitufe cha kuwasha kiko juu kulia, bonyeza mara moja uachie. Ukimaliza usiizime kwa kitufe hicho, izime kwa kufuata karatasi niliyobandika chini ya mfuniko. Ukitumia umeme wa jua, chaji mchana, usiiache hadi betri iishe kabisa. Picha za Mzee ziko kwenye folda iliyoandikwa PICHA, mbele kabisa ukiwasha.

Sikushauri, kama ulivyosema. Nakuombea tu amani.

Datius


Kimwani
27 Juni 2025

Datius,

Mzigo nimeupokea. Inawaka na inazima. Kazi yako ni nzuri, nakusifu kwa hilo.

Nimeandika sentensi moja: "Marehemu Audax Lwakatare alizaliwa Kimwani." Mashine ikapiga mstari mwekundu chini ya jina lake, chini ya ukoo wake, na chini ya Kimwani. Nikaifunika kwa kitambaa. Hadi leo imefunikwa.

Mchungaji ameuliza wasifu mara mbili. Nimemwambia macho yananisumbua. Joanitha ameuliza, nimemwambia mashine inanisumbua. Nitamwachia wifi yangu Benigna aandike ukurasa mmoja wa mahali alipozaliwa na shule aliyosoma, na huo utatosha. Tarehe 9 nitakaa mstari wa mbele nimevaa nguo yangu nyeupe kama wanavyotegemea. Sitasimama kusema nilimjua. Ningekuwa naongopa mbele ya madhabahu.

Mihtasari ikiwa tayari ipeleke moja kwa moja kwa mwenyekiti wa chama. Mimi sina haja ya kuiona.

J. Kokuhirwa


Miembeni
2 Julai 2025

Mwalimu, shikamoo.

Naomba ukae chini kabla hujaendelea.

Leo asubuhi nimechapa mihtasari ya chama. Kurasa zilitoka na mstari mmoja wa wino umekatika, ikabidi niangalie kila ukurasa kama unasomeka. Ndipo nikasoma. Nakutumia ukurasa mmoja ndani ya bahasha hii, wa kikao cha 7 Februari 2024, alioupiga chapa Mzee mwenyewe. Angalia mstari wa kwanza na wa mwisho. Nauandika hapa pia, herufi kwa herufi:

"Kikao kirifunguriwa kwa sara saa 4:10 asubuhi. Wakurima 31 warihudhuria. Ajenda ya kwanza mborea. Kikao kirifungwa kwa sara saa 7:35, wajumbe wakapata chakura."

Nimeangalia vikao vyote. Kila kikao kinafunguliwa kwa sara na kufungwa kwa sara. Hakuna l hata moja kwenye kurasa zote, mpaka ukoo wake ameandika Rwakatare.

Mwalimu, Sara si mtu. Mzee alikuwa anaandika sala.

Mimi nilipaswa kuliona siku ya kwanza. Nyumbani kwetu sote tulisema "sara" hadi nilipofika darasa lako. Lakini nilipokuandikia barua ile nilikuwa nahangaika na herufi zangu mwenyewe, na lile neno likanipita kama jina.

Sasa niseme la pili, ambalo ni baya. Nilifuta kweli. Sikukaa na diski siku thelathini kama kawaida yangu. Nilifomati, na windo, niliyoiacha njiani kwa kazi nyingine nikairudia leo, ilikuwa imeshaingia karibu nusu. Nimeizima tangu saa nne na sijaigusa tena. Kitu kikifutwa kwenye diski ya zamani ya kuzunguka hakiondoki papo hapo, kinabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Windo imeandikwa juu ya baadhi. Sijui ni mangapi. Ninayo programu ya kuokoa. Ukiniruhusu nitajaribu, ila ili nijue faili ni zima au limeharibika itanibidi nilifungue.

Nisamehe.

Datius


Kimwani
4 Julai 2025

Datius,

Rudisha. Fungua chochote unachohitaji kufungua. Rudisha hata moja.

Jovita


Miembeni
15 Julai 2025

Mwalimu, shikamoo.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu programu ilipita diski nzima mara tatu, na kila mara inachukua siku mbili. Sikuiacha bila mtu. Mke wangu alileta chakula dukani.

Matokeo ni haya. Kati ya hamsini na nane, tisa yamerudi mazima. Matano yamerudi nusu: mengine yana mwanzo na hayana mwisho, moja lina katikati tu. Arobaini na nne yamerudi majina peke yake. Ukiyafungua ni ukurasa wenye alama zisizosomeka. Nimejaribu njia zote ninazozijua, na moja nisiyoijua nikamuuliza fundi wa Mwanza. Hayo hayarudi.

Katika yale mazima nilisoma mstari wa kwanza wa kila moja kuhakikisha linafunguka, nikafunga. La 24 Julai, la mwisho, ni zima.

Yote yako kwenye flashi iliyomo ndani ya bahasha. Ichomeke ubavuni mwa kompyuta upande wa kushoto, subiri sauti, kisha bonyeza mara mbili. Nimeyaacha na majina yake ya tarehe, na folda nimeiacha na jina aliloliweka mwenyewe. Ile mistari myekundu nimeandika chini ya karatasi namna ya kuizima. Sikutaka ikusumbue ukisoma.

Datius


Kimwani
23 Julai 2025

Datius, mwanangu,

Wakola, asante sana. Nimeyafungua mwenyewe, bila msaada.

Ya kwanza niliyoisoma ni ile ya mwisho. Nakuandikia yote, kwa sababu umekesha nayo na una haki ya kujua ulichokiokoa.

"Mungu wangu, asante kwa siku ya reo. Kahawa imezaa vizuri. Daktari wa Bukoba amesema moyo wangu umechoka sana. Jovita sijamwambia, ataniuriza maswari mengi na mimi sina majibu. Mungu, ukinichukua mimi kwanza, umpe mtu wa kumsahihisha. Akikosa mtu wa kumsahihisha atanyamaza. Kunyamaza nakujua mimi, si kuzuri. Amina."

Nimeisoma mara nyingi. Mara ya kwanza, Mungu anisamehe, jicho lilikwenda kwenye r kabla ya kwenda kwenye maneno.

Nikakumbuka jambo ambalo sikuwa nimelikumbuka kwa miaka mingi. Mwaka 1986, nyumbani kwa baba yangu Kagondo, Audax alikuja kula kwetu mara ya kwanza kama mkwe. Baba alimheshimu, akamwomba aombee chakula. Akasimama, akasema, "Bwana, bariki chakura hiki na wote wariokiandaa." Nikacheka. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu mwaka huo na nilijiona mtu. Nikamwambia kwa sauti, "Chakula, waitu, chakula." Meza nzima ikacheka. Yeye akamalizia sala, akasema Amina, akala. Toka siku hiyo sijamsikia akisali. Nilifikiri ameniachia kwa heshima, kwamba mke wake ni mwalimu na anajua kusema. Hata nilijivunia.

Nilikosea, Datius, na nilikosea miaka thelathini na minane. Nimewasahihisha watoto wa watu na sijutii, mlihitaji. Lakini yule hakuwa mtoto wa darasa langu.

Jana nimekwenda kwa Sara na mkungu wa ndizi kutoka kibanja changu cha migomba. Nimemweleza yote, pamoja na kilichonifanya nimrudishie wake. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia, na yeye alipoona nalia akaacha kucheka akaniletea maji. Ananiambia Audax alikuwa akipita zahanati kupimwa presha, na kila mara alimsihi asiniambie. Nimemsamehe kwa hilo, kwa kuwa na yeye amenisamehe kubwa zaidi.

Wasifu nimeuandika. Kurasa kumi na mbili. Nimeandika alivyopanda kahawa ya kwanza, alivyokuwa katibu, alivyopenda senene wa kukaanga bila kitunguu. Nimeandika pia habari ya Kagondo kama ilivyokuwa, na aliyecheka kwanza nimemtaja kwa jina. Ukurasa wa mwisho ni hiyo sala, na mchapaji nimemwambia akigusa herufi hata moja sitaipokea kazi yake. Tarehe 9 nitaisoma mimi mbele ya watu, kama alivyoiandika. Najua wapo watakaocheka. Nitawasubiri wamalize, kisha nitaendelea. Ukiweza kufika, njoo na mkeo.

Yale tisa nimeyachapa. Yale matano ya nusu nayo nimeyachapa. Hayo arobaini na nne nimeyaacha kwenye kompyuta, usiniambie ni bure. Kila siku nafungua folda naangalia tarehe moja, na nakaa nikijaribu kukumbuka Jumatano hiyo ilikuwaje. Mvua ilinyesha au haikunyesha, alirudi saa ngapi, alikuta nimepika nini. Mengi yamenitoka. Ninachokumbuka ni kwamba alifika mlangoni, akavua viatu, na mimi nikamuuliza mbona umechelewa.

Jovita Kokuhirwa